Kihavu ilibakia ku mulango ya kalasi

Mwezi wa tisa nilipanda boti kutoka Bukavu, mashariki ya Congo, kwenda kwa mama mudogo ku Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu chenye watu wake wanaongea Kihavu, safari ya kawaida, katoni za sabuni na mifuko ya chumvi miguuni, mtu na kuku yake ku kikapu, na mbele ya kurudi Bukavu mama mudogo akaniomba nipitie ku masomo ya kijiji nikamwone mwalimu wa mjukuu wake, juu mtoto alikuwa ameanza kalasi ya kwanza na kila siku anarudi nyumbani kimya. "Anafikaka, anakula, anaenda kuangalia mbuzi," aliniambia. "Nikimuuliza bamefunda nini, ananiangaliaka tu." Nikasema sawa mama, nitapita.

Kalasi yenyewe ni matofali hadi kiunoni, juu pako wazi, kiisha bati. Mabenchi ya mbao, watoto watano watano kwa benchi moja. Nilianza kuhesabu, nikafika 74 nikaacha juu walikuwa wanasogea sogea. Ble-bla, yuniforme ya bluu na nyeupe, karibu wote, wengine bluu tu bila bla, wengine bla yenye ilishageuka rangi ya udongo. Mwalimu, kijana wa kama miaka 30, ameshika kitabu juu. "Ceci est un livre." Watoto wote kwa sauti yenye ingefika Bukavu bila boti: "Sesieterivre!" Akachukua biki. "Ceci est un bic." "Sesietebiki!" Akachukua chaki, akachukua fagio, wanarudisha vizuri kabisa. Kiisha akaita mtoto mmoja mbele, akamupa chupa ya maji mkononi, akamuuliza "Qu'est-ce que c'est?" Mtoto akanyoosha mgongo, akajaza kifua, akapiga kwa nguvu yote: "Sesieterivre!"

Hakuna mwenye alicheka.

Njo kitu iliniuma. Watoto wanajua kucheka mwenzao, nyinyi wote mulipitia kalasi ya kwanza munajua, ukikosa kitu kidogo tu unachekwa hadi rekreasio, saa ya kupumzika. Hapa hawakucheka juu hakuna hata mmoja kati ya wale 74 mwenye alijua kama mwenzao amekosea. Kwao hiyo sesieterivre ilikuwa kitu ya kuimba tu, kama vile miye nilikuwa naimba misa ya Kilatini ya babu yangu bila kujua kama naomba msamaha ao naomba mvua. Na ile maji ku chupa, kila mmoja anajua jina yake tangu akiwa na mwaka moja. Hakuna mtu aliwauliza.

Rekreasio nikaongea na mwalimu. Hakuwa mtu mbaya, hapana, na hakuwa mvivu. Nikamuuliza watoto wanasikia kweli Kifaransa? Akacheka kidogo. "Papa, habasikie. Na Kiswahili pia bengi habasikie, hapa si Bukavu. Miye nafundishaka Franse ku tablo, naeleza mu Kiswahili, na mutoto akianza kulia njo naongea Kihavu." Nikamuuliza kwa nini usianze na ile ya kulia. Akaniangalia kama mtu mwenye nimemwambia avue suruali mbele ya watu. "Na inspektere akifika?"

Sasa niko nyumbani Kadutu, hapa Bukavu, nimekaa na hii kitu kichwani wiki mingi, na nimeona niiandike juu kila mwaka tarehe 21 mwezi wa pili, siku ya lugha ya mama, watu wetu wanaandika ku fesibuku vitu ileile: tuache Kifaransa ya mkoloni, tufundishe watoto Kiswahili lugha yetu. Miye pia niliandika hivyo, 2019 ao 2020, nilipata layiki mingi. Na si uongo. Lakini ni ugomvi wa sisi watu wa mujini. Tunapigana Kifaransa na Kiswahili, tunapigana kweli kweli, na katikati kuko mtoto wa tatu amesimama na chupa ya maji mkononi na kwake zote mbili ni za wageni.

(Kidogo juu ya namna ninaandika: mdomo wangu unasema batoto, kidole inaandika watoto. Masomo ilitufanya hivyo, na tena nataka mtu wa Dar ao Mombasa akisoma anifuate. Mukiona nimechanganya, ni vile. Watu wa Tanzania tayari wanatucheka, tumezoea.)

Tuseme kwanza mambo iko namna gani ku makaratasi. Katiba ya 2006, artikle ya kwanza kabisa, inasema lugha rasmi ni Kifaransa, na lugha za kitaifa ni nne: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Zingine zote, na nchi hii iko na lugha zaidi ya 200, katiba inaziita sehemu ya urithi wa utamaduni wenye serikali itaulinda. Urithi. Kama vile ngoma ya kizee yenye wametundika ukutani kwa salo, inapendeza, hakuna mtu anaipiga. Kihavu iko pale, Kitembo iko pale, Kirega, Kifuliiru, Kihunde, Kinande, Kibembe, na Mashi pia iko pale, ingawa ukienda Kabare ao Walungu, Mushi, mwenye lugha hiyo, hawezi kukubali umuite kabila ndogo, atakutoa mbio. Kwake njo lugha ya dunia nzima. Lakini kwa hesabu ya Kinshasa, Mashi na Kihavu ziko ku benchi moja ya nyuma.

Lakini sheria ya masomo ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014 iko na kitu kingine, na hii njo watu wengi hawajui, hata walimu. Inasema Kifaransa ni lugha ya kufundishia, sawa, kiisha inasema lugha za kitaifa ao lugha za mazingira zitumike kwa kufundisha na kujifunza, na zifundishwe zenyewe pia kama somo. Lugha za mazingira! Yaani kwa Idjwi, Kihavu. Yule mwalimu mwenye anaogopa inspektere, sheria iko upande wake tangu miaka zaidi ya 10. Hakuna mtu alimletea habari. Na miye mwenyewe nilijua juu ya kazi tu, kuna siku nilitafsiri karatasi za oenje moja, shirika lisilo la serikali, nikakutana na hiyo mistari, nikasoma mara mbili.

Mama yangu ni wa Idjwi, baba ni Mushi wa upande wa Walungu. Nyumbani waliongea Kiswahili juu kila mmoja alikuwa anacheka lugha ya mwingine, na hizo lugha zinafanana sana, njo maana kicheko ni kali, hakuna mtu anacheka lugha yenye haisikie hata kidogo. Mama akikasirika, Kihavu. Mama akihesabu pesa, Kihavu. Akisali, hapo anachanganya yote. Kwa hiyo miye niliingia kalasi ya kwanza na Kiswahili ya Kadutu mdomoni na Kihavu ya kusikia ku masikio, na bado nilikuwa na bahati, juu mwalimu alikuwa akishindwa na Kifaransa anashuka ku Kiswahili na miye niko pale chini namungojea.

Masomo yetu (sitataja jina, na walishabadilisha direktere mara mingi) ilikuwa na simbole. Kama hukukua na simbole nikuelezee. Ni kipande cha ubao kama kiganja, kimetobolewa, wamefunga kamba ya nailo. Asubuhi mwalimu anakipa mtoto wa kwanza mwenye atasikika anaongea "patwa", yaani kitu chochote chenye si Kifaransa, na yule anakivaa shingoni hadi amkamate mwingine. Jioni mwenye kubaki nacho anafagia vyoo. Ni vyepesi kusema kufagia vyoo, watoto mia ngapi na matundu manne.

Sasa fikiria akili ya mtoto wa miaka minane mwenye amevaa hicho kibao na jioni inakaribia. Hatafuti Kifaransa. Anatafuta mtu. Sisi tulikuwa na mbinu: unasogea polepole nyuma ya mwenzako, unamkanyaga kidole ya mguu na kisigino, kwa nguvu, na mtu akiumizwa halalamikie mu Kifaransa, atapiga tu "Yooo mama!" na hapo hapo unavua kibao unamvalisha. Nilifanya hivyo. Nilimfanyia rafiki yangu mmoja mwenye wazazi wake walikuwa wametoka kisiwani mwaka uleule, nilimchagua yeye juu nilijua hata nisipomkanyaga nguvu, akishtuka kidogo tu itatoka Kihavu. Alifagia vyoo karibu mwezi mzima, si miye peke yangu, kalasi yote ilikuwa inamwendea. Kiisha akaanza kutoongea kabisa. Mwalimu akaandika ku bultini yake, karatasi ya alama, "élève timide", yaani mtoto wa haya. Kalasi ya tatu hakurudi.

Timide! Nyumbani kwao ule mtoto alikuwa anasimulia hadithi za sungura hadi mama yake anamwambia nyamaza tulale. Nilikuwa nalala kwao wakati mwingine, nilisikia.

Mtu atasema hiyo ni zamani, simbole imekwisha. Imekwisha kwa masomo mingi, sawa. Aibu haikwishe. Waulize watoto wa Bukavu leo, mtu akikosea Kifaransa wanamwambia nini: "Umetoka ku milima?" Na wenye wanasema hivyo bibi zao wote wametoka ku milima.

Historia ya hii kitu imezunguka sana, na haikwenda vile watu wanafikiri, eti mkoloni alileta Kifaransa akakataza lugha zetu. Wabelgiji na wamisionari, kwa masomo ya watoto wa kawaida, walifundisha sana mu lugha za hapa. Pères Blancs, wamisionari Wakatoliki, walijifunza Mashi kuliko Bashi wengine wa mujini, katekisimu ya Mashi, nyimbo za Mashi, hadi leo mabibi wanaimba vile. Kifaransa ilikuwa ya wachache. Na watu waliona. Babu yangu alikuwa anasema Muzungu anakufundisha mu lugha yako ili ubakie kwako. Kwa hiyo uhuru ilipofika, hakuna mtu alilia wakati programu ya 1962 iliweka Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia tangu kalasi ya kwanza, nchi nzima. Watu walifurahi! Walifikiri wamefunguliwa mlango wenye walikuwa wamefungiwa. Ukisahau hiyo hutaelewa kwa nini mzazi wa Idjwi leo anakukatalia.

Kiisha ikafika otantisite ya rais Mobutu, ile siasa ya kurudi ku mambo ya asili yetu. Mwezi wa tano 1974 walimu wa lugha walikusanyika Lubumbashi, seminari ya kwanza ya walengwisti wa Zaïre, vile Congo ilikuwa inaitwa, wakaomba lugha za kitaifa ziingie masomoni. Baba yangu alipata kalasi zake za kwanza mu Kiswahili juu ya hiyo mambo, na ni ukweli mzee anaandika Kiswahili nzuri kuniliko. Lakini vitabu havikufuata, walimu hawakufundishwa, egzame ilibakia Kifaransa, na wakubwa wenye waliimba otantisite watoto wao walikuwa wanasomea Kifaransa ao Ulaya kabisa. Polepole kila mtu akarudi ku Kifaransa bila kutangaza. Sheria ya 1986 ikasema tena lugha za kitaifa ao za mazingira. Ya 2014 ikarudilia. Kila mara karatasi inasema ndiyo, kalasi inasema ngoja kwanza.

Vitabu vya Kiswahili vilifika, tusiseme uongo. Mradi wa Francophonie, umoja wa nchi zenye kutumia Kifaransa, wenye wanauita ELAN, ulianza kama 2012 na Congo ilikuwa kati ya nchi nane za kwanza, pamoja na jirani zetu wa Burundi. Kiisha pesa ya Wamarekani na Waingereza ilileta mradi mwingine wa kusoma mu Kiswahili, Lingala na Tshiluba. Miye nilishika moja ya vile vitabu vya Kiswahili, picha nzuri, rangi, karatasi inanukia mpya. Lakini sasa Kiswahili ya ndani! Shule. Darasa. Daftari. Kalamu. Hapa mtoto anasema masomo, kalasi, kaye, biki. Mwalimu mmoja wa Bagira, hapa Bukavu, aliniambia ilibidi atafsiri Kiswahili mu Kiswahili, na kila akitafsiri anajisikia kama ni yeye mwenye anaongea vibaya, si kitabu. Wanaiita Kiswahili bora. Ukiita moja bora, ingine ni nini?

Na hiyo ni mtoto wa Bagira, mwenye Kiswahili njo lugha aliyonyonya. Peleka kile kitabu Idjwi, ao panda Bunyakiri kwa Batembo. Mtoto anaruka kutoka lugha ya mama, anatua ku Kiswahili ya soko, anaruka tena ku Kiswahili ya kitabu, kiisha Kifaransa. Lugha nne, na hajajua bado kuandika jina yake. Benki ya Dunia iliandika kama kwa watoto 100 wa Congo wenye wamefikisha miaka 10, 97 hawawezi kusoma maandishi mepesi na kuelewa. Niliposoma hiyo nambari nilifikiri wamekosea. Kiisha nikakumbuka ile chupa ya maji.

Hapa lazima niseme kitu juu ya Kiswahili yenyewe, juu naipenda na ninaila kila siku. Bukavu hii, Kiswahili ni nyumba ya watu wote. Ukiongea Kiswahili ku soko ya Kadutu hakuna mtu anakuuliza wewe ni wa wapi. Ukiongea lugha yako, mtu anageuka anakuangalia uso, anakuangalia pua. Kwa Kivu watu waliuawa juu ya lugha gani ilitoka mdomoni, na mambo ya vita ya tangu mwanzoni mwa 2025 hapa mujini sitaingia humo leo. Kwa hiyo mzazi mwenye anaongea na mtoto wake Kiswahili tu, anaacha Kihavu, anaacha Kitembo, haachi juu ya ujinga. Anamfunika. Naelewa. Miye pia nilifunikwa hivyo. Lakini mtoto wa kijijini hakufunikwa, huko lugha ni moja, wote wanaijua, hakuna wa kumuogopa, na bado tunamwambia aiache ku mulango kabla ya kuingia.

Na kuko mwenye iko chini zaidi. Idjwi iko na Batwa wengi, wenye mu Kifaransa wanaitwa Pygmées, na ku bara wako wale wenye walitolewa mu pori la Kahuzi-Biega wakati parki iliwekwa 1970 na kupanuliwa 1975. Batwa wa huku wanaongea lugha za majirani zao, Kihavu, Mashi, Kitembo, na matamko yao kidogo, vile vile unamjua mtu wa Bagira na mtu wa Panzi. Nilimuuliza yule mwalimu kama iko nao ku kalasi. Akasema walianza watano, wamebakia wawili, na mvua ijayo hajui. Lugha si kitu ya kwanza kwao, njaa iko mbele, na matusi. Mtoto Mutwa akifungua mdomo wenzake wanamwiga sauti kabla hajamaliza neno. Tarehe 15 mwezi wa saba 2022 walitia sahihi sheria ya kulinda haki za Pygmées, na ni jambo kubwa, watu walipigania miaka mingi. Ile wiki nilikuwa kule kijijini hakuna mtu alikuwa ameisikia, hata chef.

Turudi ku hesabu, juu hesabu njo inaonyesha vizuri. Mjukuu wa mama mudogo, yule kimya, iko na dada yake wa kalasi ya nne. Anauzisha avoka na mananasi na bibi yake bandarini siku ya boti. Nilikaa pale nikamwangalia. Mteja anachukua avoka saba, anatoa noti ya elfu tano, msichana hata haangalie vidole, anarudisha pesa, mteja anahesabu mara mbili, iko sawa. Jioni akaleta kaye yake. "Un marchand achète 12 avocats…", yaani muchuuzi ananunua avoka 12. Anasoma kwa sauti, vizuri, bila kuelewa hata neno moja, na chini ameandika jibu: 12. Kwa nini 12? Juu njo nambari yenye aliiona. Nikamtafsiria mama mudogo lile swali, naye akashangaa: "Huyu muchuuzi anauzisha baavoka ba tribinali?" Avocat mu Kifaransa ni tunda, na ni wakili wa tribinali pia. Tulicheka hadi machozi. Msichana alikuwa anatuangalia, nikamuuliza ileile hesabu mu Kihavu yangu ya kuvunjika, akanijibu kabla sijamaliza kuuliza.

Ana sifuri ku hiyo devware. Mwekundu, imezungushwa.

Wenye wanajua masomo wanasema watoto waanze mu lugha yao miaka miwili mitatu, wajifunze kusoma humo, na Kifaransa waijifunze kwa mdomo kwanza kama lugha ya kigeni, kiisha waingie ndani yake taratibu. UNESCO ilisema hivyo tangu 1953, si habari ya jana. Kusoma unajifunza mara moja tu katika maisha, ukishajua herufi zinasema kitu basi zitasema mu lugha yoyote. Hiyo naikubali yote. Swali langu ni dogo zaidi: kabla ya vitabu vya Kihavu, vyenye hata vikianza kuandikwa leo vitachukua miaka, na nani atalipa, je mwalimu mwenye tayari anajua Kihavu, mwenye amezaliwa pale, hawezi kuruhusiwa kusema chupa ni chupa? Hiyo ruhusa haiombe pesa. Inaomba mtu mmoja wa ofisi aandike karatasi moja: mwalimu, usiogope.

Nikasema hayo. Njo nimalizie na hii juu haikwenda vile nilipanga.

Ile wiki kulikuwa kikao cha bazazi ku masomo, mambo ya bati yenye upepo ilibeba, na tangu masomo ya primeri iwe ya bure 2019 kila kikao ni nani atalipa hiki sasa. Mama mudogo akaniomba nisimame nieleze mawazo yangu, juu "mutoto wetu wa Bukavu alisoma sana". Nikasimama. Nikaongea Kihavu, ile yangu, wazee wakatabasamu. Nikaeleza chupa ya maji, nikaeleza sheria ya 2014, nikaeleza kama watoto wakianza na Kihavu hata Kifaransa watashika vizuri. Niliona nimeongea vizuri. Mwalimu alikuwa anaangalia chini.

Mama mmoja akasimama nyuma, mtoto mgongoni, hakupiga kelele hata kidogo.

"Papa, tunakushukuru. Batoto bako banasomea wapi?"

Nikasema Bukavu.

"Banasoma na luga gani?"

Watoto wangu wako ku masomo ya mtu binafsi, Ibanda, Kifaransa tangu maternele, na Kiingereza tangu kalasi ya tatu. Ninalipa minervali kwa dola. Kihavu hawajui hata kusalimia, mama yangu akiwapigia simu wanaipitisha kwangu kama imewaka moto. Yote hayo nilimjibu kwa neno moja, Kifaransa, na kikao kizima kikasema aaah, si kwa ubaya, kwa ile sauti ya mtu mwenye amemaliza kuvunja karanga na kuona ndani.

"Basi na ya kwetu basome hivyo," akasema, na akakaa.

Nikakaa pia. Wakaendelea na bati.

Walipomaliza nikiwa natoka akanifuata ku njia, mtoto bado mgongoni amelala. Alikuwa na shida, mvulana wake wa kalasi ya tano amekosa siku mingi juu ya malaria na direktere anataka maelezo kwa maandishi, na kama papa anajua kuandika vizuri, ningemuandikia. Nikatoa kaye ku begi, nikang'oa ukurasa, tukakaa ku jiwe. Yeye anaeleza mu Kihavu, siku gani homa ilianza, walitembea namna gani hadi ku santre de sante, nani alimbeba, maneno mazuri moja moja, mengine sikuyajua nikamuuliza. Na miye naandika: Monsieur le Directeur, j'ai l'honneur de…